Pakiti Yenye Picha ya Majani

Wewe unayesoma huku unajikuna kichwa, masikio yamekuwa mekundu na yanatoa majimaji, na umeshawaambia watu kuwa ni jasho, au mashine ya kinyozi, au mbu: sogea karibu. Mimi nilisema yote hayo. Nilisema na jingine zaidi, na kwa ajili ya hilo jingine naandika haya nikiwa nimeinamisha uso, ingawa kwa kawaida mimi ni mtu wa kucheka hadi mabati ya jirani yanatikisika.

Sasa nimepona. Ngozi ya kichwa imefunga, masikio yamerudi kuwa mawili ya kawaida, na ninaweza kulala ubavu wowote. Nimeona nieleze nilivyopita, maana nilipokuwa nimelala nimefungwa bendeji kama mkate uliofungwa kwenye kitambaa, ningetoa baiskeli mpya kabisa kumpata mtu mmoja wa kuniambia, "Hata mimi yalinipata."

Mimi nauza vipuri vya baiskeli Mabatini. Elimu yangu ya sekondari niliipata jioni, nikishafunga duka, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanangoja wajukuu. Nilipofaulu Kiingereza nikawa mtu wa hatari. Hakuna kopo lililopita mtaani kwetu bila mimi kulisoma. Wenye sabuni, wenye dawa ya mende, wenye maziwa ya unga, wote walikuja: "Baba Kulwa, hapa pamesemaje?" Nami ninasimama, ninakohoa kidogo, ninasoma kwa sauti kama ninatangaza matokeo ya uchaguzi.

Lakini kumbuka tulikotoka. Miaka ile ya uhaba, sabuni ilikuwa ni moja tu, mche mrefu unaokatwa vipande, na ukifika mbele ya foleni umekwisha, unarudi na mkono wako. Nani angesoma maandishi? Angesoma ili achague nini? Kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya kung'aa kilikuwa kimetoka mbali, kimeletwa na mtu mkubwa, na kilikuwa kizuri. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakafurika, sisi tuliingia humo na akili ile ile: kilichofungwa vizuri ni kizuri. Kupanga foleni tulikujua sana. Kuchagua hatukuwahi kujaribu.

Sasa nikuambie kuhusu mvi zangu. Zilianza nikiwa kijana, na nilipomwoa Kabula, ambaye nimemzidi kwa umri wa mtu mzima kabisa, kichwa changu kilikuwa tayari shamba la pamba mwezi wa kuvuna. Siku ya harusi, kule kwao ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, shangazi zake walinipita mimi bwana harusi wakaenda kumkumbatia mdogo wangu. Mimi wakanipigia goti: "Shikamoo, baba mzazi!" Watu walicheka hadi ng'ombe wakaacha kula. Na mama mkwe wangu, Mama Kabula, ambaye nimepishana naye miaka michache tu, alijifunika uso kwa kanga. Kwetu Wasukuma mkwe ni mtu wa heshima. Mkono humpi, chombo kimoja hamli, hata kumtazama machoni ni kujisahau. Sasa kila nilipomwambia, "Shikamoo mama," mpita njia alisimama kutazama nani ni mkubwa kati yetu.

Kwa hiyo Kabula alipokuwa na ujauzito wa tatu, baada ya mapacha wetu Kulwa na Doto, na habari ikaja kwamba mama yake atavuka kuja kumtunza mzazi, mimi nilikwenda dukani. Pakiti ilikuwa ya kijani, ina picha ya majani yenye matone ya umande. Nikasoma yote ya mbele papo hapo, kwa sauti, mwenye duka akisikiliza: hina nyeusi, mimea mitupu, asilia kwa asilimia mia, haina amonia.

"Haina nini?" akauliza mwenye duka.

"Amonia," nikamwambia. "Ni kemikali kali sana. Hii haina."

Yaani nilimfundisha yeye bidhaa yake.

Nilikoroga, nikapaka kichwa na masharubu, Kabula akinishikia kioo na kucheka hadi tumbo likamcheza. Nilipoosha, nilitoka kijana! Nilizunguka Mabatini siku nzima bila sababu. Masikio yaliwasha kidogo nyuma, yakapoa. Nikasema ni jasho. Huo ulikuwa msimu wa pamba, vumbi tupu, kila mtu anawashwa.

Mama Kabula alifika mvua za vuli zilipoanza, na kapu la samaki wakavu kichwani. Nilikuwa nimepaka tena juzi yake, kwa ajili yake. Aliponiona alisimama mlangoni, akageuza uso upande kama desturi ilivyo, akasema, "Mkwe, umepumzika vizuri siku hizi." Nikavimba kwa fahari. Jioni nikala samaki wake.

Asubuhi nilivimba kweli.

Ndugu yangu, sijui nikuelezeje. Paji la uso lilishuka. Kope ziliziba kama maandazi mawili yaliyogusana kwenye kikaango. Masikio yalijaa, yakawa yananitangulia nikigeuka. Kichwani ngozi ilipasuka malengelenge madogo madogo, ikatoa maji ya manjano yanayonata, na mto ukaganda kwenye nywele. Sikuona chochote. Na usiku huo huo Kabula alikuwa amejifungua mtoto wa kike, yuko chumbani na mkunga wa mtaa. Wa kunipeleka zahanati alikuwa mmoja tu.

Nilimsikia akisimama mlangoni muda mrefu. Halafu akasema, "Mkwe, shika hii."

Ilikuwa mpini wa jembe. Alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine, ili mikono yetu isigusane. Hivyo ndivyo tulivyopita Mabatini nzima, mama mkwe mbele, mimi nyuma na uso wangu wa tikiti maji, na wanaonijua, ambao ni wote, wakiacha cherehani na kutoka nje. "Ee, si Baba Kulwa yule? Amepigwa na nyuki?" Mimi niliyezoea kujibu kila mtu sikujibu. Kwenye mitaro alisema, "Ruka," nami naruka. Mahali pamoja alisema, "Ruka," hapakuwa na mtaro, nadhani alikosea, nikaruka hivyo hivyo.

Zahanati tulikaa kwenye benchi, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, mpini katikati. Haja ndogo ikanibana. Nilivumilia hadi nikaanza kutetemeka. Aligundua. Sikuomba, na yeye hakutamka, aliinuka tu akauvuta mpini kidogo, akanipeleka hadi ukuta wa choo, akauachia, akaondoka hatua nyingi akaanza kukohoa kwa nguvu ili nijue yuko mbali na hasikii. Nilisimama pale nikalia kwa macho yasiyofunguka. Machozi yalitafuta pa kutokea.

Mganga wa zamu aliniuliza vizuri kabisa. "Umekula nini? Umetumia dawa yoyote? Umepaka kemikali yoyote kichwani?"

"Hapana, kemikali sijapaka," nikamjibu. "Nimekula samaki."

Naapa sikudanganya. Pakiti ilisema mimea mitupu. Nilimjibu kama nilivyosoma.

Nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, nikaambiwa niache samaki. Uvimbe ukapungua polepole, nikaanza kuona mwanga, halafu mlango, halafu mwanangu mpya. Kichwa kilibaki kinachuruzika. Mama Kabula alichemsha maji ya chumvi, akayaweka nje ya mlango wangu, akabisha mara moja na kuondoka. Samaki wake wote aliwagawa kwa majirani, hakula hata yeye.

Kufika wakati wa kumbatiza mtoto, baada ya Krismasi, nywele zilikuwa zimeota, nyeupe chini na nyeusi juu, kama kichwa kimevaa kofia inayopaa. Watu wangejaa nyumbani. Nikaenda duka jingine nikanunua pakiti nyingine, yenye picha ya tausi safari hii, nikijua nimebadilisha. Nayo ilikuwa ya mimea. Nayo haikuwa na amonia. Nikapaka ya kutosha kanisa zima.

Siku ya ubatizo nilipendeza. Siku iliyofuata nilikuwa kitandani, na safari hii hata shingo ilivimba, pumzi ikawa inapita kwa kupiga mluzi. Samaki sikuwa nimeonja. Wakanipeleka hospitali kubwa nikalazwa.

Hapo ndipo dada yangu Ester alipoingia. Dada Ester anakaa Buhongwa, ndiye mkubwa wetu, na akisema jambo limesemwa. Alisimama kando ya kitanda changu, mimi sioni, nanusa tu mafuta yake ya nazi.

"Mdogo wangu, mimi sisemi kitu," akaanza. Akisema hivyo jua atasema. "Lakini mara ya kwanza, mama mkweo alifika jioni, asubuhi umevimba. Mara ya pili, samaki hukula, lakini chakula nani alipika?"

"Yeye."

"Na macho yake umeyaona?"

Macho ya Mama Kabula ni mekundu. Amepikia kuni za mvua maisha yake yote, na jiko lake la kule halina dirisha. Nani asiyejua hilo? Na nani, kwetu kule, asiyejua mama wa umri ule mwenye macho yale akisemwa kuwa ni mchawi, anaweza kuamkia nini?

Ningemwambia dada anyamaze. Nilikuwa na elimu, nilikuwa na cheti ukutani chenye kioo. Nilinyamaza mimi. Na zaidi ya kunyamaza, kwa sababu mtu aliyelala gizani na uso unaochuruzika anatafuta jina la kuupa ugonjwa wake, niliamini. Si sana. Kiasi tu. Chakula alicholeta hospitali nilisema sina njaa. Kisha nikaongeza sentensi ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya: "Labda mama akapumzike kwake kidogo."

Alipumzishwa. Kabula aliniambia baadaye kwamba mama yake alikunja kanga zake bila kuuliza, akambusu mtoto, akaenda kivukoni. Na maneno yalipanda kivuko kile kile. Wa Mabatini wana ndugu Kamanga, wa Kamanga wana ndugu kila mahali.

Mimi nilirudi nyumbani na vidonge vilivyonifanya nile kama kikosi cha jeshi kilichorudi vitani. Uso ukawa wa duara, mashavu yakameta, tumbo likatangulia. Watu walisema nimepona, nimenenepa. Lakini kichwa kilikataa. Masika yote yaliingia na kutoka nikiwa na bendeji iliyolowekwa kwenye dawa ya rangi ya zambarau, nikinuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Wateja walinyoosha mkono kutoka mbali kuchukua spoku. Mapacha walikataa kupanda mgongoni. Na Kabula alizungumza nami habari za mtoto tu: amelala, ameamka, ana mafua.

Mwishowe nikapewa siku ya kuonana na daktari wa ngozi pale hospitali kubwa, mama mmoja mfupi, mchangamfu kuliko mimi, jambo ambalo si rahisi.

"Mzee, leta kila kinachogusa mwili wako," akaniambia. "Sabuni, mafuta, dawa ya meno, hata grisi ya baiskeli. Usiniletee hadithi, niletee kapu."

Nikaja na kapu. Kwenye benchi la kungojea wagonjwa walichungulia. Mmoja akauliza kama nauza. Daktari alipanga vyote mezani, na mlango ulikuwa wazi, akachukua sabuni akaiweka kando, akachukua mafuta akayaweka kando, akafika kwenye pakiti ya majani na ile ya tausi. Akatazama masharubu yangu, yaliyokuwa nusu na nusu.

"Na hizi?"

"Hizo ni majani tu, daktari."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Nisomee."

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, nikakohoa na kusoma kwa sauti ile ya matokeo ya uchaguzi: hina nyeusi, mimea mitupu, asilia kwa asilimia mia, haina amonia.

"Umesoma vizuri," akasema. "Haina amonia, ni kweli. Hata sumu ya panya haina amonia. Mimi nataka kujua ina nini. Sasa fungua mkunjo wa chini."

Chini ya pakiti karatasi ilikuwa imekunjwa na kugundishwa. Niliubandua kwa ukucha. Kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, na katikati ya majina ya mimea lilikuwapo neno moja refu kama treni ya mizigo, linaloanza na "para". Akaniambia niufungue na wa tausi. Treni ile ile, mabehewa yale yale.

"Hina yenyewe ni jani, na rangi yake ni ya kutu, nyekundu," akasema. "Muulize yeyote anayepaka hina kwenye harusi. Jani hilo haliwezi kukupa weusi wa makaa. Weusi wako unatoka kwa huyu wa "para", na ni kemikali. Kuna watu wanampaka miaka hawadhuriki. Mwili wako ulimkataa mara ya kwanza kwa kuwasha, ukambadilishia jina ukamleta tena. Na hatoi matokeo papo hapo, anangoja siku moja, mbili, ndipo anakuvimbisha. Kwa hiyo unamlaumu uliyekutana naye jana."

Mwishoni mwa karatasi, chini kabisa, walikuwa wameandika pia kwamba kabla ya kupaka kichwani, paka kidogo mkononi usubiri siku mbili. Waliandika, hawakunyima. Ila majani waliyachora makubwa, na hili walilificha mkunjoni.

Mwenzangu, kama hukumbuki kitu kingine katika maneno yangu, kumbuka hiki. Mbele ya pakiti ni mahali pa muuzaji. "Asilia" ni neno lake, "bila hiki" ni neno lake, picha ni yake. Wewe geuza, bandua, tafuta kilichomo. Ukibadilisha jina la pakiti usidhani umebadilisha unga. Na ukienda hospitali usichague wewe kipi ni dawa na kipi si dawa. Beba kapu.

Nilitoka pale nikikimbia. Nikaingia nyumbani nikiwa karibu kuimba, "Kabula! Ni rangi! Ni rangi ya nywele, si samaki, si chochote!" Alikuwa ananyonyesha. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo umepona," akasema.

"Napona! Nikiacha tu, napona."

"Wewe utapona ngozi. Mama yangu je?"

Ndipo akanieleza aliyokuwa akiyabana miezi yote. Kaka yake, Shija, alituma habari. Mama hachoti tena maji na wenzake, akifika kisimani wanaondoka na ndoo tupu. Watoto wamekatazwa kupita uani kwake. Mtu aliacha panga limechomekwa ardhini mbele ya mlango wake, bila neno. Tangu hapo halali nyumbani. Leo kwa Shija, kesho shambani kwenye mtama.

"Wewe ndiye uliyevimba," Kabula akasema. "Kasimame wewe."

Nilivuka siku iliyofuata, na kapu langu. Kutoka kivukoni hadi kwao ni mwendo wa kuchosha jua, na nilipofika Shija hakunipokea kapu. Alikuwa amewaita majirani na mwenyekiti wa kitongoji uani kwake. Mama Kabula alikuwa ndani, mlango umerudishwa nusu. Nikaeleza. Nikaonyesha pakiti, nikasoma na treni nzima, behewa kwa behewa.

Mama mmoja mnene, Mama Holo, jirani wa Mama Kabula ukuta kwa ukuta, akasonya. "Karatasi ni karatasi. Hata hirizi ina karatasi ndani. Mwanaume ameondolewa alichorogwa, sasa ametumwa kuja kumsafisha huyo."

"Ametumwa na nani?" Shija akafoka.

"Mimi sijui. Nasema tu."

Wakacheka baadhi, kicheko kibaya. Nikaona mambo yanaponyoka. Elimu yangu yote ya jioni ilikuwa imeisha pale uani, na sikuwa na kingine ila mwili. Nikakunja mkono wa shati.

"Basi nipakeni rangi hii," nikasema. "Mkono huu wa kushoto. Chakula nitakula cha mama mkwe, kila mlo, mbele yenu. Tuone kipi kitanivimbisha."

Mama Holo akasimama. "Nitakoroga mwenyewe. Asije akanichanganyia majivu." Akakoroga, akanipaka alama nene mfano wa sarafu, akafunga kwa kitambaa chake na fundo lake. Akaleta na ugali wa Mama Kabula mwenyewe, na samaki wake, akakaa kunitazama nikimeza hadi tonge la mwisho. "Fungua mdomo," akasema. Nikafungua.

Usiige, nakusihi. Daktari aliposikia alinisema mpaka wagonjwa wa nje wakanihurumia. Ningeweza kufa kwa pakiti moja, alisema, maana mwili wangu ulikuwa umeshaapa kuikataa.

Niliwekwa kwa Shija kama mfungwa wa heshima. Siku ya kwanza nilikula, mkono kimya. Mama Holo alifungua, akatazama, akafunga, akatoka akitikisa kichwa kwa watu waliokuwa njiani. Sikuwahi kudhani katika maisha yangu ningeomba Mungu niumwe. Jioni ukaanza, kwa mbali, ule muwasho ninaoujua kama sauti ya mke wangu. Asubuhi ya pili alipofungua fundo, mkono ulikuwa umetuna malengelenge makubwa yanayometa, na maji ya manjano yakimchuruzikia vidoleni. Uso wangu, kinywa changu, tumbo langu lililojaa samaki, vyote vilikuwa salama.

Watu walisogea, wakainama, wakaangalia. Mwenyekiti akanusa. Mmoja mmoja wakaenda zao. Hakuna aliyesema samahani, maana kila mmoja alikuwa "amesema tu".

Mimi nilikwenda kukaa chini mbele ya mlango ule ulioegeshwa, ubavu, bila kutazama ndani. Nikasema niliyokuwa nayo. Haikuwa hotuba, ilikuwa vipande vipande. Ndani nilisikia tu anapepeta kitu kwenye ungo.

"Mkwe," akasema. "Ulipokuwa huoni, nilikuongoza. Ulipoanza kuona, ukanitazama kwa macho ya dada yako."

"Ndiyo, mama."

"Mkono unauma?"

"Unauma."

"Kuna maji ya chumvi hapo nje."

Yalikuwapo kweli, kwenye sufuria, bado ya moto. Niliuzamisha mkono nikauma meno. Nilikuwa bado nimeinama hapo niliposikia viatu vya plastiki vikija polepole, vikasimama, vikarudi nyuma, vikaja tena. Ilikuwa Mama Holo. Hakunitazama. Alisimama karibu na mlango, mikono haijui pa kukaa.

"Mama Kabula," akaita, "kinu chako kina nafasi? Changu kimepasuka."

Ungo ukanyamaza.

"Kipo kwangu, nyuma ya nyumba," Mama Kabula akajibu kutoka ndani. "Mchi mnao wenyewe. Mliuchukua kabla ya masika."